Mwongozo wa Kulipia na Ng'ombe wa Mama

Niliuza ng'ombe wa mama yangu siku ya Alhamisi, yeye akiwa kwenye sala za shirika, kwa kufuata ushauri wa mtu nisiyemjua ambaye nilikuwa nimemlipa ili anishauri. Sikutumwa. Sikulazimishwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kanapé, kochi letu, soksi miguuni, chai pembeni, nikabonyeza mara moja tu.

Kabla hamjanihukumu, niseme kwamba ng'ombe mwenyewe alikuwa ndani ya tableti. Na kabla hamjanisamehe, niseme kwamba hilo halikupunguza kitu.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye alistaafu bila mtu kumwambia rasmi kwamba amestaafu. Alizaliwa kijijini, upande wa Miti, na huko, hadi miaka michache iliyopita, alikuwa na ng'ombe wa kweli waliochungwa na binamu yake. Siku moja watu wenye silaha walipita wakaondoka nao wote. Binamu alipona. Ng'ombe hawakuonekana tena, na hakuna aliyejua walipelekwa njia gani. Mama akaja kukaa nami hapa mjini, Kadutu, katika vyumba viwili vilivyoshikilia mteremko kwa imani tu, na kwa muda mrefu akawa mtu wa dirishani. Ndipo dada yangu aliye ng'ambo akamtumia tableti, na ndani yake mchezo wa shamba.

Ni mchezo wa mtandaoni. Kila mchezaji, popote alipo duniani, ana shamba lake. Analima, anafuga, anapanda ngazi, na soko ni moja la wote. Wengi hujiunga na vikundi wakasaidiana. Mama hakujiunga na kikundi chochote. Alisema watu wa kusali nao wanamtosha. Alilima peke yake, polepole, maharagwe na migomba, na sarafu zake za kwanza za humo ndani alinunulia ng'ombe wa kijivu mwenye pembe ndefu, akampa jina la yule aliyekuwa mkubwa wa kundi lake kule Miti. Jina lenyewe sitaliandika. Nimeshamchukulia mama vya kutosha.

Alikuwa na utaratibu wake. Akirudi kutoka kanisani au sokoni anavua viatu, anakunywa chai, anafungua tableti na kumgusa yule ng'ombe. Ukimgusa, anainua kichwa na kulia. Mama anamjibu kwa Kimashi, maneno mawili matatu ya chini chini. Halafu ndipo anawasalimu wenye miguu miwili, yaani mimi.

Mimi sasa ni mtu wa nyumbani. Kazi yangu ninaifanyia mezani: nawachapia wanafunzi kazi zao za mwisho wa masomo, nasahihisha Kifaransa chao kwa Kifaransa changu cha sekondari, na wote tunafaulu kadiri ya uwezo wetu. Sitoki ila kwa lazima. Jirani yangu wa mlango wa chini, mama mjane mwenye cherehani, anasema siku serikali itakapohesabu watu, mimi na kanapé tutaandikwa kitu kimoja.

Jioni moja mama, macho kwenye tableti, alisema tu, "Hii shamba yangu haiendelee, papa. Iko palepale."

Papa ni mimi, mwanawe; mtu mwingine angesikia mama mtu mzima akiongea na kioo. Mimi nikasikia agizo. Wiki hiyohiyo, katika kikundi kimoja cha simu, nikamkuta bwana anayejiita Profesa, anayeuza mwongozo kamili wa msimu mpya wa mchezo ule. Nikamlipa kwa simu. Bei sitaitaja, maana mama anaweza kusoma haya.

Mwongozo ulikuwa wa Kifaransa na ulijaa mishale. Profesa hakuwa mtu wa kubembeleza. Usipande kitu kwa sababu unakipenda, aliandika. Usipange shamba lako lipendeze. Jiulize kila kipande cha ardhi kinakuingizia nini kwa saa. Nilisoma nikajisikia vibaya kwa niaba ya maisha yangu yote.

Na lazima niwe mkweli: ulisaidia. Nilihamisha maharagwe karibu na ghala kama alivyoagiza, nikabadilisha njia ya maji, nikang'oa maua ambayo mama alikuwa ameyapanda kando ya uzio. Shamba likaanza kupanda ngazi kama mbuzi aliyeona majani mabichi juu ya ukuta. Anayeniuliza kama miongozo ya kulipia inafanya kazi, namjibu kwamba inafanya. Ndiyo shida yake.

"Shamba inakimbia," mama alisema. "Nani anaikimbiza?"

"Ni mimi, maman. Kuna mwongozo."

"Ni ya bure?"

"Karibu na bure."

Aliniangalia vile walimu wanavyomwangalia mtoto ambaye jibu lake ni sahihi lakini mwandiko si wake. Niliona kwamba sasa alishika tableti kama alivyokuwa akishika zamani furushi la mitihani ya kusahihisha. Mazao yalikuwa yanaiva harakaharaka, yakimngoja avune. Mwongozo ulidhani kwamba kwa mtu umeme hauondoki. Ulidhani pia kwamba kila anayecheza ana mtu wa kumpita, na mama hakuwa na mtu wa kumpita. Hata majina ya wachezaji wengine hakuwahi kuyasoma. Hayo yote ninayaona leo. Wakati ule nilikuwa naona ngazi tu.

Alhamisi ile mama alijifunga kitenge cha shirika, akachukua kitabu chake cha nyimbo na mwavuli. Shirika ni kile kikundi cha majirani wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mlangoni akageuka.

"Umuangalie ng'ombe wangu," akasema. "Nitamusalimia nikirudia."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kwenye sura iliyoitwa Mizigo.

Katika sura hiyo Profesa anafundisha kwamba mfugo unaotoa kidogo kuliko unavyokula ni mzigo, na mzigo unauzwa bila kuchelewa, hasa kabla msimu haujafungwa. Akatoa hesabu. Nikaifuata hesabu kwa kila mnyama wa mama. Kuku walifaulu. Mbuzi walifaulu kwa shida. Ng'ombe wa kijivu mwenye pembe ndefu alianguka vibaya kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumchapia. Maziwa kidogo, majani mengi. Mchezo ukaniuliza kama nina uhakika. Mimi, mwenye diploma ya sekondari, nikajibu ndiyo.

Sarafu zikamwagika kwa kelele nzuri. Shamba likapanda ngazi. Nikanywa chai.

Ni baada ya kufungua ukurasa uliofuata ndipo nilipoona maandishi madogo chini ya mshale: mnyama aliyeuzwa anakwenda kwenye soko la wote, na aliyemuuza hawezi kumnunua tena. Nikainua macho. Pale alipokuwa akisimama ng'ombe palikuwa na mduara wa udongo mtupu. Nikausikia mlango wetu, ingawa ulikuwa kimya, na sauti ya mama: nitamusalimia nikirudia.

Niliyafikiria mambo haraka kuliko kawaida yangu. Sala za shirika zilikuwa zinafanyika nyumba ya tatu chini ya barabara. Nyimbo zao zilikuwa zinasikika hadi kwetu, na kwa nyimbo hizo ningeweza kujua wamefika wapi. Walikuwa bado kwenye masomo. Ng'ombe alikuwa sokoni, mbele ya macho ya dunia nzima, na ningehitaji mchezaji mwingine amnunue kabla dunia haijamwona. Mama hakuwa na rafiki hata mmoja katika mchezo. Mimi mwenyewe sikuwa na shamba. Katika parseli yetu yote, ua mzima wenye nyumba zetu, alikuwepo mtu mmoja tu ambaye mama alimfundisha mchezo huo wakati akingoja nguo zake zishonwe.

Nikavaa viatu nikashuka.

Jirani alikuwa kwenye cherehani yake ya miguu, pini mdomoni. Aliniangalia toka juu hadi chini, akatoa pini moja moja.

"Nyumba inaungua?"

"Hapana, maman. Nina shida."

"Nilijua. Wewe kushuka hizi ngazi, ni moto ao ni kifo."

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kusimamisha mguu, cherehani ikigonga chini ya maneno yangu, mpaka nilipofika kwenye kuuza. Hapo mguu ukasimama.

"Ulimuuzisha."

"Alikuwa anatoa maziwa kidogo."

"Mama yako naye anatoa maziwa ngapi sasa? Bon, tuende. Rezo haiko humu ndani."

Mtandao kwetu unashika vizuri kwenye ngazi ya juu kabisa, karibu na pipa la maji, basi tukapanda hadi huko, yeye mbele na simu yake, mimi nyuma na tableti ya mama na mwongozo wangu kwenye simu. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa. Shamba la jirani likafunguka taratibu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Vitunguu, kisha vitunguu, halafu mbwa. Mbwa wa kila rangi, wamelala kila mahali, hata ndani ya ghala.

"Mbwa wanafanya nini?" nikauliza.

"Wanalala. Wewe unataka wafanye nini?"

Soko likafunguka. Tulimtafuta kati ya mamia ya wanyama wa watu. Kisha tukamwona. Pembe zilezile, jina lilelile juu ya kichwa chake, na chini yake bei. Jirani akatazama bei, akatazama sarafu zake, akacheka kwa pua.

"Na hii franga ya kichezo, mie nitaitoa wapi? Ng'ombe yenu iko bei ya waziri."

Kule chini shirika wakaanza wimbo wa katikati. Nilikuwa naujua vizuri. Baada yake huja maombi ya kila mtu, na baada ya maombi watu wanavaa viatu.

"Tuuze vitunguu," nikasema.

"Nitauzisha bitunguru byote. Bado haitoshe." Akahesabu kwa vidole. "Nitaongeza imbwa moja. Ile ya manjano. Inauma wengine."

Niliona jinsi alivyowapenda wale mbwa. Ningemshukuru na kunyamaza, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini nilikuwa na mwongozo mkononi, na katika mwongozo kulikuwa na ukurasa juu ya vitunguu. Profesa anaonyesha wazi, kwa mishale mitatu, kwamba kitunguu kibichi ni hasara. Ukikipitisha jikoni kikakaangwa, bei inapanda sana.

"Usiuze mbwa," nikamwambia. "Tukikaanga kwanza, tutapata zaidi ya bei yenyewe. Nimeshapiga hesabu."

"Kukaanga inakamata wakati."

"Wakati kidogo tu. Hesabu inatosha, maman, naapa."

"Mie ningemuuzisha imbwa."

"Hesabu inatosha."

Akaniangalia, akainua mabega, akaweka vitunguu jikoni. Jiko dogo ndani ya simu likaanza kutoa moshi, na juu yake mstari ukaanza kujaa, polepole, kama maji ya bomba letu siku ya Jumatatu. Tulisimama pale tukiutazama. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye kioo, akalifuta kwa gumba. Kule chini wakaanza maombi. Sauti moja moja, mwanamke kisha mwanamke, na nikamtambua mama alipofikiwa zamu yake, ingawa maneno sikuyasikia. Taa ya kwenye kona ya parseli ikazimika. Umeme ulikuwa umeondoka.

"Batri yangu inabakia kidogo," jirani alisema.

"Mstari umepita nusu."

"Mama yako anaombea nani, unafikiri?"

Mstari ukajaa. Vitunguu vikatoka, vikauzwa palepale, na sarafu zikapanda, zikapanda, zikapita bei ya ng'ombe na kubaki na ziada, sawasawa na nilivyosema. Nitakuwa mwongo nikisema sikujisikia fahari. Jirani akarudi sokoni, akamgusa ng'ombe, akabonyeza nunua. Duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo. Lilizunguka huku mvua ikishuka kweli sasa. Jirani aliifunika simu kwa kitenge chake, na sisi wawili tukaingiza vichwa chini ya kitenge hicho kama watoto wanaoficha embe.

Duara likasimama. Maandishi yakatokea: mnyama huyu ameshapata mnunuzi.

Jirani aliyasoma kwa sauti, halafu akayasoma tena kimoyomoyo, midomo ikitembea. Hakunicheka. Hilo lilinitisha kuliko yote. Aliirudisha simu mfukoni, akaniambia, "Anakuya," na nikasikia mwavuli wa mama ukigonga lango la parseli.

Tuliingia ndani pamoja. Jirani angeweza kwenda kwake, lakini alibaki, akakaa kwenye ukingo wa kanapé yangu, sijui kama shahidi au kama ulinzi. Mama akaingia akiwa amelowa mabega. Akavua viatu. Akaweka kitabu cha nyimbo juu ya kabati. Alimsalimu jirani, akashangaa kidogo kumkuta, akajimiminia chai kutoka thermosi. Kila kitu kilikwenda kwa mpangilio wake, na mimi nilikuwa nimeshika tableti kifuani kama mtu anayebebeshwa mtoto wa watu.

Akanyoosha mkono. "Leta nimusalimie."

"Maman, hayuko."

"Hayuko namna gani?"

"Nilimuuza."

Mkono wake haukurudi. Ulibaki pale hewani, ukingoja kitu ambacho hakipo. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi niseme kwa sauti kubwa mambo ambayo mtu hupenda kuyasema kwa sauti ndogo: kwamba mwongozo ulisema, kwamba maziwa yalikuwa kidogo, kwamba shamba limepanda ngazi, kwamba tumejaribu kumrudisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilidhani ataniambia ni mchezo tu. Nilikuwa natumaini aniambie hivyo, ili mimi ndiye nimbembeleze.

"Ulimuuzisha ku nani?" akauliza.

"Sijui, maman. Ni soko la wote."

"Unauzisha ng'ombe, na haujue alienda ku nani."

"Ndiyo."

Alikaa. "Bale batu walikuya Miti," alisema, "walibeba ng'ombe zangu, na mpaka leo sijue zilienda wapi. Na wewe pia?"

Jirani alitazama sakafu.

Mimi nilikulia mjini, na mambo ya ng'ombe nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua historia ya shule: ya kufanyia mtihani. Mama ndiye aliyenieleza, jioni ile, kwa maneno machache na bila kuniangalia. Kwao ng'ombe haondoki tu. Anatoka nyumba hii anaingia nyumba ile, na kuanzia siku hiyo nyumba mbili zina neno kati yao. Anayempokea anajulikana. Anatembelewa. Ndama wa kwanza anakumbukwa: anarudishwa alikotoka mama yake. Hata ng'ombe akifa, habari inarudi. Kwa hiyo hakunilaumu kwa kumtoa. Alinilaumu kwa kumtupa.

"Si inaandika?" jirani alisema ghafla. "Mie nikiuzisha bitunguru, inaniandikia jina ya mwenye kununua."

Mama akageuza kichwa. Mimi nikaifungua tableti. Umeme haukuwepo, batri ya tableti ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu, na mtandao ilibidi tuuvute kutoka simu ya jirani, maana kifurushi changu kilikuwa kimekwisha, na simu yake nayo ilikuwa inakata roho. Nikaingia kwenye mauzo. Lilikuwepo: jina la shamba, kwa herufi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzisoma, wala sikuweza kubahatisha ni za nchi gani. Kando yake kijilango kidogo cha kutembelea. Mama alikibonyeza yeye mwenyewe.

Shamba likafunguka kipande kwa kipande. Lilikuwa shamba dogo la ovyo, lenye miti isiyo na faida na njia inayopinda bila sababu. Profesa angelia. Mtu aliyelilima hakuwa amesoma mwongozo wowote, na ndiyo maana, nadhani, alinunua ng'ombe asiyelipa. Mama alisogeza kioo kwa kidole kimoja, taratibu, akapita bwawa, akapita kibanda, akamkuta. Alikuwa amefungwa nyuma kabisa, kati ya mbuzi, chini ya kinu cha upepo kinachozunguka kwa kelele.

"Hapendi mbuzi," mama alisema.

Jirani aliinama aone.

"Wa Miti naye alikuwa hapendi mbuzi." Akanipa tableti. "Andika."

Niliandika alivyotamka, kwanza kwa Kiswahili, halafu nikaongeza Kifaransa chini yake nikitumaini mashine ya mchezo itajitafutia njia. Alitoa salamu kwa mwenye nyumba na kwa watu wote wa nyumba yake. Akasema ng'ombe huyo alitoka kwetu bila kuagwa, na kosa lilikuwa letu. Hapendi mbuzi, hapendi kelele. Akizaa, ndama wa kwanza akumbuke njia. Nilituma. Tukaona ujumbe unaondoka, na mara kioo kikawa cheusi. Batri ilikuwa imekwisha.

Jirani alishuka kwake. Mama aliandaa chakula, tukala. Hakuninyima sahani. Hakunisalimu pia.

Asubuhi umeme ulirudi wakati nikiwa bado nimejifunika. Nilimsikia akichomeka tableti, kisha kiti kikivutwa. Nilibaki kitandani nikisikiliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kubaki kitandani, na pia kwa sababu niliogopa. Sikujua hata kama mtu yule wa mbali alipata ujumbe wetu, au kama aliupata akadhani ni wazimu. Muda ulipita. Kisha nikasikia ng'ombe akilia.

Nilitoka na shuka mabegani. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe, mistari miwili ya zile herufi tusizozijua. Mashine ya mchezo ilikuwa imejaribu kuigeuza ikatoa maneno yasiyoshikana, na katikati yake neno moja zima: kimya. Ng'ombe alikuwa amehamishwa. Alikuwa peke yake sasa, chini ya mti mkubwa upande wa bwawa, mbali na mbuzi, na kinu kilikuwa kimesimamishwa. Mama alimgusa tena. Akainua kichwa. Mama akamwambia yale maneno mawili matatu ya Kimashi, kisha akabaki akilitazama lile shamba la mtu kwa muda mrefu, akilikagua kama anavyokagua nyumba ya wakwe.

"Ni mutu muzuri," alisema. "Mazingira ni machafu, lakini ni mutu muzuri." Na bila kugeuka: "Kuna chai?"

Nilichemsha chai. Haukuwa msamaha, lakini palikuwa na kikombe cha pili.

Tangu hapo mama halimi tena shamba lake kwa nguvu. Maharagwe yanaiva yakimngoja, ngazi nilizompandisha zimeshuka, maua yamerudi kando ya uzio. Kila siku anapita kwanza kule kwa yule mtu. Mara nyingine humpelekea ndizi. Juzi yule mtu aliweka kiti cha mbao chini ya ule mti, kiti cha bei, kisichoingiza kitu, na mama aliniita nije nikione. Kuhusu ndama, hatujui kama mchezo unaruhusu ndama kuvuka kwenda shamba la mwingine. Nilitafuta katika mwongozo. Hakuna ukurasa.

Wiki iliyopita nilimshukia jirani kwa shida nyingine, kitasa chetu kilikuwa kimegoma kufunguka nami niko nje, na nikiwa pale nikajitetea kidogo. Nikamwambia kwamba Profesa hakukosea hesabu hata moja, kwamba vitunguu vilileta sarafu sawasawa na alivyoandika, kwamba mtu anayecheza peke yake kwa kujifurahisha anaweza bado kufaidika akijua achukue nini na aache nini, na kwamba nilikuwa nafikiria kununua sehemu ya pili. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Mama yako alipoteza ng'ombe, akapata mutu," alisema. "Wewe uko na mwongozo muzima, na mutu wa kukufungulia mulango ni mie peke yangu, na leo nimechoka."